Plastiki Isiyong'aa

Kwenye karakana yetu mimi naosha, yeye anabandika. Utaratibu ni huo kwa miaka kumi na moja: gari linaingia na matope yake, nalisugua mpaka kwenye bawaba za milango, kisha tunalisukuma chumba cha ndani, ambako sakafu humwagiwa maji kabla ya kazi ili vumbi litulie. Huko ndiko aliko fundi tunayemwita Kioo. Kazi yake ni kuvisha magari plastiki nyembamba ya kulinda rangi isichubuliwe na kokoto, kucha na jua. Jina alilipata kwa sababu akimaliza boneti, unaweza kujitazama humo ukachana nywele.

Mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo nitasema wazi: sijaona fundi mwaminifu kama yule. Wengine humvisha mteja plastiki nene gari zima, hata paa, kana kwamba kokoto zinashuka kutoka mbinguni. Kioo aliuliza kwanza. Gari linalala wapi? Njia ya kazini ina lami? Pete unavaa mkono gani? Watu walicheka swali la pete, mpaka awaonyeshe mikwaruzo nyuma ya kitasa cha mlango wao wenyewe. Wa barabara ya changarawe alipewa nene kwenye bampa na boneti. Wa mjini aliambiwa, "Wewe vitasa na kingo za milango vinakutosha, nenda zako nyumbani." Tajiri wetu, mwenye karakana, alinung'unika, ila wateja walirudi na shemeji zao.

Mwaka huu ulipoanza, Kioo akawa na wimbo mmoja tu: isiyong'aa. Ni ile plastiki inayofanya rangi ionekane kama imepakwa poda. Gari jekundu, isiyong'aa. Gari la bwana harusi, isiyong'aa. Nikadhani ni fasheni, nikaendelea kuosha.

Kisha akaja mama mmoja mshonaji na gari jeusi. Halikuwa jipya, lakini lilikuwa la kwanza maishani mwake. Nilipokuwa nalikausha alisimama karibu yangu, akajitazama mlangoni, akanyoosha kola.

"Nalitaka hivi hivi ling'ae," akasema. "Miaka ishirini nawashonea watu nguo za kung'aa. Sasa zamu yangu."

"Mama, jeusi linaumbua," Kioo akamwambia. "Chukua isiyong'aa. Inatunza zaidi."

Uongo mtupu. Inayong'aa na isiyong'aa zilikuwa za unene mmoja na zilitunza sawa, na yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Alimpaka mama wa watu mafuta kwa mgongo wa chupa, naye mama akakubali kwa sauti ya mgonjwa aliyeambiwa aache chumvi. Akaliacha gari mpaka kesho yake mchana.

Jioni nilimfuata Kioo ndani nikiwa nimefura. Alikuwa anamaliza boneti ya lile gari jeusi, anakamua maji kwa kipande chake cha mpira.

"Kaka, yule mama umemdanganya kwa nini?"

Akazidi kukamua. Nikainama nimwangalie usoni, ndipo nikaona unywele umenaswa chini ya plastiki, mrefu kama kidole changu. Mpira wake ulipita juu yake mara mbili. Macho yake pia yalipita.

"Huuoni?" nikauliza.

"Nini?"

Nilimshika kidole nikakiweka juu ya unywele. Akaupapasa, akaketi juu ya ndoo.

"Tangu mwaka jana, dada. Vumbi silioni. Miwani nimebadilisha mara tatu, daktari anasema imefika mwisho wake. Kwenye isiyong'aa, punje ndogo hazionekani hata kwa mwenye macho. Nimekuwa nikiwachagulia watu kwa ajili yangu mimi."

Nilielewa anachoogopa. Fundi aliyekuwapo kabla yake, tajiri alimfukuza kwa punje mbili za vumbi, na Kioo hajui kazi nyingine. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini usemi huo ni rahisi kwa asiyeumwa. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja. Nikaanza na hasira.

"Bandua," nikasema. "Gundi haijashika bado. Yule mama anataka kujiona."

Asubuhi yake tukaanza upya na ile inayong'aa. Mimi nililaza tochi karibu na rangi, maana vumbi huonekana kwa mwanga wa ubavuni. Yeye akashika mpira. "Kulia kidogo. Juu. Hapo," nikamwelekeza. Ananyanyua plastiki, anasafisha, ananyunyiza maji ya sabuni, anairudisha. Mikono ile haikukosea hata mara moja. Mimi ningeichana vipande.

Mama alipofika mchana, nilimnong'oneza Kioo anyamaze, gari limeshapendeza. Wapi. Tajiri mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Mama, jana nilikudanganya," Kioo akasema. "Ile isiyong'aa nilikuchagulia kwa sababu macho yangu hayaoni vumbi tena. Nisamehe."

Mama alijitazama kwenye boneti.

"Mimi sindano hutungiwa uzi na binti yangu," akasema. "Mwaka wa sita huu. Tundu silioni, na mshono wangu hakuna aliyewahi kuukosoa." Akamgeukia. "Wewe nani anakutungia?"

Mimi nilikuwa bado na tochi mkononi, mchana kweupe. Nikaiwasha.

Tajiri alitua kikombe, akaja, akaikagua boneti kutoka pembe hadi pembe kwa mwanga wa tochi yangu. Hakupata kitu. Akaikagua tena, polepole zaidi.

"Na magari ataosha nani?" akauliza.

"Mimi," nikasema. "Naosha kwanza, halafu namtungia."