Saodat na Ukurasa wa Tisa

Mjini Tashkent walimwita Saodat mama wa muziki mpya. Kwa miaka thelathini alipiga piano kazi za watunzi walio hai, zile ambazo watu huzisikiliza kwa adabu huku wakiitazama saa kwa kuibia. Waandishi wa magazeti walipomuuliza ilianzaje, alisema ni mapenzi. Mwongo huyo. Ulikuwa wivu mtupu, na wivu wenyewe ulikuwa na jina: Nafosat.

Walisoma chuo kimoja, kwa mwalimu mmoja. Saodat akifanya mazoezi kwa saa sita, Nafosat alifanya mbili, akaenda zake kula samsa, sambusa za kwao. Siku ya mtihani mwalimu alifuta machozi Nafosat alipomaliza. Saodat alipomaliza, mwalimu alisema tu, "Safi, hukukosea." Maneno hayo yalimkwama rohoni, hayakupanda wala kushuka. Basi akawaza: nikipiga muziki ambao yule hajaugusa, nani atatulinganisha? Akawaendea watunzi waliokosa wapigaji, na baada ya miaka michache akaupenda muziki wao kwelikweli.

Watunzi wa pale wana desturi yao. Kazi ikishapigwa hadharani mara ya kwanza, mtunzi huandika kwa mkono wake, juu ya ukurasa wa kwanza, jina la aliyeipiga, na jina hilo halifutwi tena. Jina la Saodat liliandikwa kwenye kazi arobaini na moja. Nafosat, aliyezunguka dunia akipiga kazi za waliokufa zamani, hakuwa na hata moja. Jambo hilo lilimpa Saodat usingizi mwanana.

Kisha mzee Tohir, mtunzi aliyempenda kuliko wote, akamaliza kazi aliyosema ndiyo yake ya mwisho. Akampa Nafosat.

Mzee alimwambia Saodat habari hiyo nyumbani kwake, huku mkewe akimimina chai ya kijani, nusu kikombe, ambayo kwao ndiyo heshima ya mgeni.

"Usinune, binti yangu."

"Nani kanuna?"

"Si nakuona? Umenipigia kazi tisa. Hii moja nataka watu waisikie."

"Kwani zile tisa zilisikiwa na viti?"

Mke wa mzee alicheka hadi akamwaga chai. Mzee hakucheka.

"Kuna jambo jingine. Nafosat hausomi mwandiko wangu, anasema ni nyayo za kuku. Wewe umeuzoea. Kamgeuzie kurasa."

Saodat alikubali, kwa sababu kukaa nyumbani asione kungemuua.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa hadi watu wakaegemea kuta. Katika ukumbi huohuo yeye aliwahi kupigia watu kumi na mmoja, watatu wakiwa ndugu zake. Aliketi kushoto kwa Nafosat, nyuma kidogo, kavaa nguo nyeusi kama mgeuza kurasa yeyote asiyetakiwa kuonekana. Na Nafosat alipiga vizuri, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Aliyatoa kwenye zile nyayo za kuku mambo ambayo Saodat, aliyezisoma wiki tatu, hakuyaona.

"Kwa nini iwe yeye?" Saodat alijiuliza, roho ikimwaka.

Mwisho wa ukurasa wa nane Nafosat alitikisa kichwa, ishara ya kugeuza. Mkono wa Saodat ulikuwa umeshaishika pembe ya karatasi. Ukaganda hapo. Hakuwa amepanga, lakini hakuuhimiza pia. Moja, mbili, tatu, nne. Sauti ya mwisho ikafifia, mikono ya Nafosat ikabaki hewani, na ukumbi mzima ukabana pumzi. Ndipo Saodat akageuza. Nota ya kwanza ya ukurasa wa tisa ikaingia taratibu, na mama mmoja wa mstari wa mbele akaanza kulia.

Nyuma ya jukwaa Saodat alisubiri kuumbuliwa. Kuchelewesha ukurasa makusudi ni jambo ambalo watu wa kazi yao hawalisamehe. Nafosat akamshika mikono yote miwili.

"Mwenzangu, asante. Mimi pale ningepita mbio. Ulijuaje?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba panataka kungojwa."

Saodat alimkagua usoni akitafuta kejeli, hakuiona. Angetukanwa angepumua.

Mzee Tohir akaja na kalamu, macho mekundu. Mwishoni mwa ukurasa wa nane akachora alama ya kunyamaza.

"Miaka miwili nilikuwa nahangaika na mahali hapa," alisema. "Kumbe naongeza nota tu palipotaka kimya."

Saodat akafungua mdomo aseme: mwalimu, nilikuwa namkomoa. Lakini mzee alikuwa ameshafika ukurasa wa kwanza, anaandika polepole. Aliandika majina mawili.

"Tangu lini mgeuza kurasa akaandikwa?" mkewe aliuliza.

"Tangu leo."

Saodat akaufunga mdomo. Alingoja wino ukauke, akainama kusoma. Furaha ilimpanda hadi masikio yakawa ya moto. Aibu ikaifuata. Kisha kikaja kile kijicho chake cha tangu darasani, kizima kabisa. Jina lake lilikuwa la pili.