Mfungo wa Msichana Mmoja

Nilikuwa kwenye benchi la kituo cha afya huku Kharumwa, nikisubiri zamu yangu. Kando yangu alikaa msichana wa sekondari, mkono wake umening'inizwa kwa kanga. Mama yake alimpa andazi, naye akageuza uso.

"Amefunga," mama akatueleza. "Tangu Kwaresima hajaacha. Huyu ni mwombaji."

"Hongera, mama! Wangu hufunga wakiwa wamelala tu," mwanamke mmoja akajibu, benchi zima likacheka.

Wakaitwa ndani. Chumba cha daktari kina pazia badala ya mlango, kwa hiyo tulisikia yote.

"Ulianguka wapi, binti?"

"Sikuanguka. Nilinyanyua ndoo, mkono ukalia kah!"

"Mara ya mwisho uliona siku zako lini?"

"Sikumbuki. Hata darasani siku hizi sikumbuki kitu." Kisha sauti ikapasuka: "Mama, sijafunga. Naogopa kunenepa."

"Lakini mimi nimekusifia kanisani!"

"Mama, huyu anaumwa," daktari akasema. "Mwili usipolishwa hujila wenyewe. Mifupa huwa dhaifu, ubongo nao husinyaa. Tumlaze leo, tumlishe taratibu, bado tumewahi."

Huku kwetu ng'ombe akikataa majani asubuhi, kufikia saa sita bwana mifugo ameshaitwa. Mtoto akikataa ugali miezi mizima, tunampongeza mama yake.