Mkono wa Fundi Elia

Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado haujaondoka Mlalo. Nilikaa juu ya gogo na daftari langu, nikiandika vipimo vya nyumba ya ghorofa ya kijiji chetu. Wazee wetu waliijenga kwa miti na udongo, wakaizungushia roshani ya mbao za kuchonga. Nyingine za aina yake zilikuwa zimekwisha anguka. Kijiji kilikuwa kinapangwa upya kando ya barabara, na wazee wa kanisani na wa msikitini waliniomba mimi, mwinjilisti, niiandike kabla haijatoweka.

Rafiki yangu Elia, fundi seremala, ndiye aliyepima. Alipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kama babu yake alivyomfundisha.

"Tungeazima futi kamba misheni," nilimwambia.

"Mwinjilisti, futi kamba utaisahau nyumbani. Mkono huu nalala nao. Andika: ukingo wa roshani, mikono kumi na mmoja."

Nikaandika.

Vita vya Kagera vilipoanza tuliitwa wote wawili, kwa kuwa tulikuwa mgambo. Tulichimba handaki moja karibu na mto. Siku moja ya kungoja tu, Elia aliulaza mkono wake juu ya bunduki.

"Mikono miwili na vidole vinne," alisema. "Andika."

Nilicheka. Sikuwa na daftari.

Kesho yake mchana mizinga ilianza.

Tulilala kifudifudi.

Ilipotulia nilimwita. Hakuitika.

Tulimzika hukohuko. Nilisoma Zaburi kwa kichwa, na mistari miwili niliiruka bila kukusudia.

Niliporudi nyumbani, masika yalikuwa yameangusha roshani. Kuta zilisimama. Kijiji kilikubali kuijenga tena, kikapewa kibali cha kukata mti mmoja tu. Lakini daftari langu lilitaja mikono, na fundi aliyetoka Lushoto akaniuliza, "Mikono ya nani, mwinjilisti? Nikikosea kukata, hakuna mbao nyingine."

Niliona aibu. Mkono wangu ulikuwa mfupi kuliko wa Elia. Kwa kiasi gani, sikujua.

Siku kadhaa baadaye, katikati ya sala ya asubuhi, nikaikumbuka bunduki. Nilimwomba mgambo wa kata alete yake, ya aina ileile. Tuliipima kwa futi kamba, tukatoa upana wa vidole vinne, tukagawa kwa mbili, tukaupata mkono wa Elia. Fundi akakata. Mbao ziliingia katika matundu ya zamani ya ukuta, zikakaa.

Mama yake Elia alipanda polepole kuja kuona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliupitisha mkono juu ya ukingo, kutoka mwanzo hadi mwisho. "Mlimpima vizuri."

Mimi sasa ni mzee. Ninamshukuru Mungu kwa nyumba ile, na zaidi kwa ile siku ya kungoja. Kila nikipanda ghorofani huulaza mkono wangu juu ya ukingo, kisha naongeza vidole viwili.