Upepo Tuliofungia Nje

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka moyoni. Nakusimulia wewe kwa sababu umeanza kuja kwenye chama chetu cha vijumba hapa Mbugangari, na mikono yako ni myepesi kuliko yangu. Nilikuwa kijana bado, mama wa mtoto mmoja. Tulikuwa tumerudi kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, wageni katika nchi tuliyoambiwa ni yetu, na kila Jumamosi alasiri tulikutana wanawake wachache katika chumba nyuma ya kanisa kutengeneza nyumba ndogondogo, zile za kuweka juu ya meza, zenye vitanda vya njiti za kiberiti na mablanketi ya vipande vya kitenge. Watu walitucheka, eti wamama wazima tunacheza na wanasesere. Wacheke tu, kila mtu na kinachomtuliza.

Mimi nilikuwa najenga nyumba ya marehemu mama yangu, ya mbao, kama zilivyo nyumba nyingi za Goma. Nilitaka mwanangu Shukuru aione, kwa sababu ile ya kweli tuliiacha na hatukuirudia. Mabati yake niliyatengeneza kwa karatasi ya fedha ya pakiti za sigara: unaiweka juu ya kitana, unaisugua kwa ukucha, inapata mikunjo. Usione vyaelea, vimeundwa. Kesho yake tulitakiwa kuonyesha kazi zetu baada ya ibada, na paa langu lilikuwa halijaisha.

Sasa wewe unaujua upepo wa ziwa unavyoamka mchana. Siku hiyo ulirusha mapazia, ukarusha mabati, ukarusha hata viti vya njiti, tukachoka kuokota. Mmoja akasema tufunge dirisha, mwingine akafunga na mlango, na sote tukashukuru. Juu ya meza makopo ya kole yalikuwa wazi, ile gundi ya manjano ya mafundi viatu, yenye harufu inayopanda puani. Chini ya meza, kwenye mkeka, alilala Shukuru wangu.

Vichwa vikaanza kutugonga. Tukasema ni njaa. Kisha tukaanza kumsifu mtoto.

"Huyu mutoto ni muzuri sana," jirani yangu akasema, "hasumbue mutu, iko nalala tu."

Nami nikavimba kichwa kwa sifa, nikaendelea kupaka kole. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini nani anakumbuka methali akiwa na paa la kumaliza?

Mama Riziki alichelewa kufika siku hiyo. Ndiye aliyeanzisha chama, mjane mwenye sauti ya chini, mkubwa wetu sote. Alipoingia hakusalimia. Alinusa, akainama, akatazama chini ya meza, kisha akaenda moja kwa moja kufungua dirisha na kuuacha mlango wazi. Upepo ukaingia, ukabeba mabati yangu yote.

"Mama, mabati yangu!" nikapiga kelele.

"Acha mabati!" Alikuwa ameshamwinua Shukuru, na shingo ya mwanangu ilikuwa imelegea begani pake. "Mutoke inje wote! Na we mama yake, kuya umuite jina!"

Yebaba we! Nilimwita pale uani, nikamwita tena, wenzangu wakimpepea kwa vitenge vyao. Alikuwa mzito mikononi kama mtu aliyekataa kusikia. Mwishowe alitapika, akafumbua macho, akalia. Mimi niliyezoea kumbembeleza anyamaze, siku hiyo niliomba asinyamaze.

Kwenye kituo cha afya walimpima, wakasema atapona, ila tukae naye hadi jioni. Nilikaa kwenye benchi nikisubiri karipio. Mama Riziki akaja akaketi kando yangu, akanishika mkono.

"Mi nilizaliwa chini ya mulima," akasema, na huku kwetu ukisema mlima hivyo, ni ule unaotoa moto. "Kule kuko hewa mubaya inatoka mu udongo, tunaita mazuku. Haina rangi. Inakala chini, mu mashimo. Mutu mukubwa anapita, kichwa iko juu, haone kitu. Mudogo wangu alikala mu shimo kuchunga mbuzi. Tulimukuta kama mwenye kulala tu."

Akanigeukia.

"Kole nayo ni vile vile. Harufu yake inashuka. We uko juu unajenga, ye iko chini anavuta."

Nikalia, nikamwambia sikujua. Akanifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake.

"Asubui haukuyua. Sasa unayua."

Hilo ndilo lilikuwa karipio lake lote, na lilinichoma kuliko kofi.

Nyumba ya mama yangu ilionyeshwa bila paa. Watoto waliipenda kuliko zote, maana waliweza kuchungulia vyumbani kutoka juu, na Shukuru alikuwa wa kwanza kutumbukiza mkono.

Basi, mwanangu, nikuambie waziwazi. Usifungue kopo la kole kabla ya kufungua dirisha. Upepo ukikusumbua, weka kokoto juu ya kazi yako, na ukizidi, ahirisha. Mtoto asilazwe chini ya meza ya kazi hata kwa dakika. Kisu kikate kuelekea mbali nawe, na chini yake kuwe na ubao, si paja lako. Shanga na vipande vidogo vifunike koponi, mtoto asije akavidhania peremende. Ukisugua mbao kwa msasa, vaa barakoa. Na kichwa kikikugonga usisingizie njaa. Toka nje kwanza, njaa itajieleza yenyewe huko huko. Zaidi ya yote, mtoto akiwa kimya kupita kiasi, inuka ukamtazame, hata kama kole inakukaukia.

Paa likipeperuka tutakaa tena tuliunde, karatasi za sigara hazijaisha duniani. Pumzi ya mtu hatuna ya akiba. Mungu akujalie mikono mitulivu na moyo usioona aibu kuacha kazi katikati, na akulindie pumzi yako na ya kila anayelala karibu na miguu yako.