Ng'ombe wa Mjane Hajapatikana

Iko siku moja siisahau, mwanangu, na aliyenikumbusha ni wewe mwenyewe jana jioni, uliponisogezea simu yako na kuniuliza, "Mama mkubwa, hebu nisaidie, katika hizi niruke zipi?"

Ulikuwa umefungua orodha. Episodi zote za hiyo anime, katuni yako ndefu ya Kijapani, zimepangwa humo, nyingine zimepakwa rangi ya kijani, nyingine nyekundu, na hizo nyekundu mtu fulani ameziandikia kwamba ni fila, yaani za kujazia tu, hazina maana, ruka. Chuo kinafunguliwa, bando ni ghali, na unataka kumaliza kabla hujaondoka hapa Mugumu. Nimekuelewa. Nilikwambia nitakujibu leo kwa sababu jana ningekujibu kwa hasira, na hasira yangu juu ya orodha za namna hiyo ni ya zamani kuliko wewe.

Mnaniona leo na mvi zangu mnadhani nilizaliwa nazo. Enzi zile za dividii, mimi nilikuwa mtafsiri kwenye kibanda cha video cha baba mdogo Marwa, kule nyuma ya soko. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina pa kwenda, na Kiingereza changu kilitosha kusoma maandishi yanayopita chini ya picha. Nakaa kando ya televisheni, rimoti mkono mmoja, maiki mkono mwingine, nawaeleza watu kwa Kiswahili kinachosemwa. Kiswahili kikiniishia nachomeka Kikurya. Hapakuwa na msichana mwingine mjini mwenye kazi ile, na ndugu wengi hawakuipenda. Shangazi alikuwa akipita pale nje akisema kwa sauti, makusudi nisikie, kwamba napoteza miaka yangu, kwamba wenzangu wako kwao na watoto wao. Kwake yeye miaka yangu ile ilikuwa ya kujazia, anasubiri niolewe ndipo mambo yaanze. Mimi nilichofanya ni kuongeza sauti ya maiki.

Mchana tulikuwa tunaonyesha katuni moja ya Kijapani ndefu kweli kweli. Binti mmoja ameibiwa kivuli chake na mfalme wa mapepo, sasa anatembea nchi nzima na upanga wake akikidai. Watu waliipenda. Vijana wa bodaboda walikuwa wanaegesha pikipiki nje, abiria wanaita, hawasikii. Benchi hazikutosha.

Basi Chacha, mtoto wa baba mdogo, ambaye siku zote aliiona rimoti ile kuwa ni urithi wake, akaenda Sirari kutembea. Huko akakutana na jamaa wa upande wa Kenya wenye intaneti, wakampa orodha. Alirudi nayo anajidai utadhani amerudi na digrii. Tangu siku hiyo ikawa kila tukianza yeye yuko mbele, anatuambia ipi ya kweli na ipi ya kujazia.

Siku ninayokwambia, binti asiye na kivuli alikuwa amefika kwa mjane mmoja huko mlimani. Mjane analia. Ng'ombe wake wa pekee, mwenye baka jeupe usoni, ameibwa alfajiri. Binti anaweka upanga chini, anainama, anatazama udongo, anaona alama za kwato. Hapo hapo Chacha akasimama.

"Hizi zote za ng'ombe ni fila! Ruka, Robi! Hazigusi hadithi. Huko mbele huyo ng'ombe hatajwi hata mara moja!"

Vijana wa bodaboda wakadaka. "Ruka! Tupeleke kwenye vita!"

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nisikudanganye, nilikuwa karibu kubonyeza, maana watu waliolipa kiingilio wakipiga kelele, mtafsiri anatii. Lakini kwenye benchi la nyuma, karibu na nyaya za kuchajia simu, alikuwa amekaa Mzee Mwita wa Morotonga. Hakuja kutazama. Alileta simu yake ya tochi ichajiwe, akawa anaisubiri ameegemea fimbo. Akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza saa:

"We binti. Huyo ng'ombe amepatikana?"

"Bado, mzee."

"Sasa tunaondokaje?"

Kibanda kizima kilicheka. Yeye hakucheka. Alimgeukia Chacha akamwambia, "Wewe mura, kijana mzima, baba yako akiibiwa ng'ombe utapiga yowe halafu ukae chini ule ugali?"

Wewe umekulia hapa, hunihitaji nikueleze, lakini huko chuoni utakutana na watu wasiojua, kwa hiyo uwaambie. Kwetu ng'ombe akiibwa linapigwa yowe. Kila mwanaume anaacha alichoshika, wanafuata unyayo. Unyayo ukiingia kijiji kingine, watu wa kijiji hicho wanaupokea na kuendelea nao, na kijiji ambako unyayo umepotelea ndicho kinachoulizwa. Humo katikati hakuna wa kusema amechoka. Aliyegeuka nyuma wenzake wakiendelea atasemwa mpaka na wajukuu.

Na mimi, nikiwa nimesimama pale na rimoti yangu, nikajiuliza huyu aliyeandika orodha ni nani. Popote alipo, nadhani hajawahi kufuga hata mbuzi. Kwake mapepo yakipigana juu ya mnara hiyo ndiyo hadithi, na mjane kuibiwa ng'ombe wake wa pekee ni kujazia. Nani kampa kazi hiyo ya kutuchagulia? Katika kibanda kile nusu ya watu walikuwa wamewahi kukimbia na yowe. Tulikuwa tunamtii mtu asiyetujua, atuambie kipi kituume na kipi kisituume. Damu ikanichemka.

Nikaitia rimoti mfukoni mwa sketi, nikashika maiki kwa mikono miwili. "Anayetaka vita aende kibanda cha ng'ambo. Hapa tunafuata unyayo."

Walikwenda kweli. Wakatoka wanapiga miluzi, Chacha mbele yao. Tulibaki wachache, na Mzee Mwita akasogea benchi la mbele, simu yake akaisahau kwenye chaji.

Jioni baba mdogo alikuja akakuta kibanda kimepwaya. Hakunigombeza sana, alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema, "Robi, kesho kukiwa hivi, rimoti anashika Chacha." Mimi nilikuwa naipenda kazi ile kuliko kitu chochote. Ndiyo peke yake niliyokuwa nayo, na nje ya mlango ule alikuwa ananisubiri shangazi na mwanaume fulani mwenye zizi kubwa. Hata hivyo nikamjibu, "Sawa, baba. Lakini kesho bado ni ng'ombe."

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Saa ya kuanza ilipofika, benchi zilikuwa tupu, nami nikajisemea basi, yamekwisha. Mara naona mlangoni fimbo, kofia, makoti ya mvua, Mzee Mwita ameongozana na wazee wenzake wametoka kuuza na kununua, vumbi tupu. Nikawaamkia, "Shikamooni wazee." "Marahaba. Ameonekana?" Alishawasimulia njia nzima! Wakaketi, na kutoka hapo sikuweza kutafsiri kwa amani. Binti alipofika mtoni akaona alama za kwato zimeishia majini, mmoja akanyanyuka na fimbo yake kuelekea kwenye televisheni, nikaogopa ataipasua.

"Wamemvusha makusudi! Asivuke hapo! Aende chini huko, atazame ukingo wa pili!"

"Wala, watakuwa wamerudi naye juu," mwingine akabisha.

Wakagombana kwa Kikurya, nami nasimamisha picha wamalize. Nilipoiachia, binti yule akashuka chini kufuata mto, akatazama ukingo wa pili, na alama za kwato zilikuwapo. Kibanda kililipuka. Kelele ile ndiyo iliyowarudisha vijana wa bodaboda, mmoja mmoja, wakajifanya wanapita tu, mwishowe wamejazana mlangoni wanauliza, "Ehe, kawakamata?"

Sasa ilibaki episodi ya mwisho ya ng'ombe. Chacha hakukubali kushindwa. Alimwendea baba yake akamwambia kibanda cha ng'ambo wameshafika kwenye vita kubwa, sisi tunachunga. Baba mdogo akaja mwenyewe, akasimama mbele ya watu wote, picha ikiendelea.

"Robi, ruka."

Nilisimama. Sikuwa nimewahi kumbishia mbele ya watu, na si adabu, najua. "Ng'ombe hajapatikana, baba. Niache nimalize hii, halafu uichukue rimoti."

Nilijua ninachosema. Wazee waligeuka wakamtazama. Baba mdogo akaegemea nguzo, naye akatazama.

Ng'ombe alipatikana, mwanangu. Binti alimrudisha mlimani asubuhi kuna ukungu. Mjane akatoka nje, akaliona baka jeupe, akaweka kiganja chake juu ya lile baka. Hakusema neno, kwa hiyo sikuwa na cha kutafsiri. Niliishusha maiki.

Chacha hakuweza kuvumilia. "Si niliwaambia? Ndiyo basi. Hatajwi tena mpaka mwisho."

Mzee Mwita alivua kofia akajifuta nayo uso. "Amesharudi," alisema. "Atajwe wa nini? Mimi wangu namtaja kila siku."

Hapo ndipo tulipojua. Ng'ombe huyo wa mzee alikuwa wa marehemu mke wake, aliyekuwa akimkamua kwa mkono wake. Aliibwa, likapigwa yowe, wanawe mwenyewe wakafuata unyayo mpaka mtoni, kisha wakasema ng'ombe ni mmoja tu, wakarudi nyumbani. "Ni mmoja tu," alirudia maneno yao. "Nilitaka nione mmoja akifika kwao." Nililia, mwanangu, mbele ya bodaboda wote wa Mugumu, na sikuona aibu hata kidogo.

Baba mdogo alinyoosha mkono pale mlangoni, nikampa rimoti. Yeye alitimiza neno lake na mimi nilitimiza langu. Chacha akaruka kila chenye rangi nyekundu, wakaimaliza katuni ile mbio mbio, kisha wakakaa wanatazamana hawana cha kuonyesha. Mimi sikuolewa na yule wa zizi kubwa. Nilianza kijiduka changu cha kujaza muvi kwenye flashi, nikapata vyangu, na mteja akija kuniomba nimtolee fila namwambia atafute duka jingine. Shangazi mpaka leo anasema ile miaka niliipoteza. Mpaka leo namwambia ile ndiyo yangu, hii mingine ndiyo niliyopewa na watu.

Sasa nikujibu swali lako. Ziko za kuruka, mimi si mtumwa wa katuni. Zile zinazokurudishia picha ulizoziona juzi, eti wanakukumbusha, ruka bila huruma, huo ni uvivu wao. Nyingine utazitazama kidogo utaona hata waliozichora walikuwa wanasinzia, ruka na hizo. Lakini uzione kwanza kwa macho yako. Ifungue, kaa nayo kidogo, uliza nani amepotelewa na nini. Ukikuta mtu analia na hujui imekuwaje kwake, usiondoke, hata orodha iwe nyekundu kama pilipili. Na bando likikwisha, hadithi iache ilipofika, uende chuo, utaikuta. Kuchelewa kufika mwisho hakujamuua mtu.

Tena nisikilize vizuri, Bhoke. Huko uendako watakuja watu na orodha ya maisha yako. Watakuonyesha ipi miaka ya maana na ipi ya kujazia, watakwambia harakisha hapa, ruka pale, huyu rafiki hana faida, huyo bibi mgonjwa utamtembelea siku nyingine. Watasema kwa upole, wengine ni ndugu zako. Tia rimoti mfukoni. Mwambie kila mmoja wao, kwa adabu lakini usikie sauti yako mwenyewe ikitoka, kwamba wewe bado unafuata unyayo.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona kwato pale wengine wanapoona udongo, akupe miguu isiyochoka mtoni. Na siku ukipotea wewe, maana kila mtu ana siku yake, akupe watu ambao hawatasema ni mmoja tu.