Matuta ya Mzee wa Chini Yetu

Nyuma ya ghorofa letu la Etobicoke, huko ughaibuni, chini ya nyaya kubwa za umeme, wapangaji walikuwa na bustani kwenye mteremko mdogo. Kipande cha mama kilipakana na cha mzee mmoja Mwairishi aliyeishi chini yetu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mimi nilikuwa kijana mwenye haya, lakini mama hakujua Kiingereza cha kutosha, kwa hiyo mazungumzo yao yote yalipitia kwangu.

Mzee alipanda viazi tu. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imelala upande. Alisema beleshi la kwao lina pa kukanyagia upande mmoja, na ukilisukuma kwa mguu uleule tangu utotoni, mwili unazoea kukaa hivyo. Alisema pia kwamba kwenye kilima cha kwao, jua likiinama, matuta ya mababu bado yanaonekana chini ya nyasi, ingawa waliolima walishakufa au kuhama.

Mwaka mmoja alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Kwa kanuni ya bustani, kipande kisicholimwa hadi mwisho wa Mei hupewa mtu mwingine, na Mei ilikuwa inakwisha. Kwenye lifti aliniuliza kwa sauti ndogo kama chake kimeshachukuliwa. Nilimfikishia mama.

"Mwambie asihangaike," mama alisema. "Tutalima sisi."

Tulilima Jumamosi nzima. Mama ni mtu wa Lushoto, ambako mvua ikiachiwa huondoka na shamba. Aliyalaza matuta kukingama mteremko, kama alivyofundishwa na bibi, tukapanda viazi vya mzee vilivyokuwa vimechipua dirishani kwake.

Kesho yake mzee alikuja na kigari chake cha kutembelea. Aliyatazama matuta moja moja.

"Kwetu matuta hushuka," aliniambia. "Maji yaende zake, viazi visioze. Mama yako amenichimbia mabwawa."

Nilitafsiri. Mama aliegemea jembe.

"Mwambie kwetu tuta la kushuka ni la mvivu. Mvua moja tu, udongo uko kwa jirani."

Nilitafsiri, nikauacha uvivu. Mzee alimtazama mama usoni.

"Amesema kitu kingine huyo."

Ikabidi niseme. Alicheka mpaka akashika kigari kwa mikono miwili. "Waingereza waliotutawala nao walituita wavivu," alisema, "kwa matuta hayo hayo." Kisha akaomba tuta moja tu, la pembeni, ligeuzwe lishuke. Mama aliligeuza huku akinung'unika.

Kiangazi kile mvua ilikuwa haba. Matuta ya mama yalitoa viazi vikubwa. Lile la kushuka lilitoa vidogo, na mzee alivichemsha hivyo kwanza. Tulipomaliza kuvuna, mama aliyarudishia matuta udongo, yote, hata lile.

Theluji ya kwanza ilianguka nyepesi. Asubuhi jua likiwa bado chini, mama alikuwa dirishani.

"Kamwite mzee."

Alipanda kwa lifti, akapewa chai ya maziwa, akasimama kando ya mama. Huko chini, mistari ya matuta ilionekana yote chini ya theluji, mingi imelala na mmoja unashuka. Chai ilipoisha nusu, alinigeukia.

"Mwambie mama yako lile la kushuka limepinda."

Nilimwambia.

"Mwambie mwakani alime mwenyewe," mama alisema, akamwongezea chai.

Nilitafsiri yote. Mzee alikubali kwa kichwa, akaanza kuuliza kama jembe letu linafaa kwa mtu wa nyonga mpya.