Waya wa Mita Kumi

Asubuhi hiyo nilitoka Voi bila mpango. Lori la katani lilisimama, dereva akaniuliza naenda wapi, nikamwambia, "Unakokwenda wewe." Hata adhuhuri haijafika, nikawa nimeshuka Makadara na mkoba mmoja. Ndani mlikuwa na kibali changu cha kurusha mawimbi ya redio, karatasi pekee niliyowahi kuipata kwa mtihani. Shule niliiacha mapema. Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, nilifunzwa na karani wa stesheni ya reli.

Katika uchochoro wa Mji wa Kale nilimkuta fundi wa redio. Juu ya meza yake palikuwa na vipande vya mtambo mdogo wa kupokea na kurusha, vilivyoachwa na baharia mmoja. Ukishaunganishwa ungekuwa kama tofali, na nguvu zake hazingezidi za taa ya baiskeli. Nilivitamani papo hapo.

"Betri au umeme wa nyumba?" fundi akauliza.

"Betri."

"Spika, au ya masikioni?"

"Ya masikioni." Mtu wa kuhamahama hana haja ya spika.

"Mawimbi ya mita arobaini au ishirini? Chagua vizuri, bwana. Nikishaunganisha nyaya kwa risasi ya kuchomea, sichomoi. Mimi si fundi cherehani, uje kesho useme punguza kiuno."

"Arobaini."

"Unalala wapi?"

"Bado sijui."

"Sasa waya wake, nusu ya wimbi, mita ishirini nzima, utaufunga wapi, shingoni? Tafuta chumba kwanza. Lakini nafunga alasiri, na kuna karani wa bandari ya Kilindini ameshauulizia mtambo huu."

Nyumba ya kwanza nilipewa chumba mara moja. Kwa furaha nikapanda ngazi hadi juu ya paa, kamba mkononi, nipime urefu. Mayowe yakanipokea. Ua wa jirani ulikuwa chini yangu, na wanawake walikuwa wakisukana nywele. Mimi wa bara sikujua kwamba hapo hupandi paa kabla ya kupiga hodi kwa sauti, wajisitiri.

"Chumba nimekupa," mwenye nyumba alisema, "wake za watu sikukupa." Nilipofika chini mkoba wangu ulikuwa barazani.

Mtaa wa pili, mama mmoja mjane alikuwa mlangoni akisuka ukili wa mkeka. Nilimwamkia, kisha nikaanza na habari ya waya kabla ya chumba.

Akacheka. "Wageni huuliza choo kiko wapi, huyu auliza paa! Paa hupandi. Dirisha langu la juu lakutosha?" Akainua uso kwa jirani aliyekuwa roshani, ng'ambo ya njia. "Ee bibi! Kuna kijana ataka kufunga waya kwenye roshani yako!"

"Wa kuanikia?"

"Wa kuzungumza na Ulaya!"

"Basi na mimi nitaanika kanga zangu mbili."

"Tafadhali usianike, bibi," nikasema. "Sauti haitatoka."

"Sauti gani hiyo ya kushindwa na kanga?"

Lakini alikubali. Tukavuta kamba kwa mshazari, kutoka dirisha la chumba changu hadi mwisho wa roshani yake. Mita kumi na kidogo. Arobaini ikaniaga pale pale. Lakini waya wa mawimbi ya ishirini, nusu yake mita kumi, ungetosha bila kukunjwa. Adhana ya alasiri ilikuwa bado.

"Nakwenda kwa fundi mara moja," nikamwambia mama.

"Nenda, mwanangu. Mkoba uache, kitanda ni hicho."